Amma wa Dohnavur

Kila mwaka tarehe 18 Januari Kanisa la Uingereza humkumbuka katika kalenda yake mwanamke ambaye hakuolewa wala hakuzaa, na hata hivyo aliitwa mama na mamia ya watu. Jina lake ni Amy Carmichael. Hapa kwetu wapo akina mama, na akina baba wachache pia, wanaolea watoto wasiowazaa: mtoto wa dada aliyefariki, mtoto wa jirani, pengine mtoto ambaye kwao hakujulikani kabisa. Si mara moja tumesikia wakiulizwa, tena papo hapo nje ya kanisa baada ya ibada, watafaidi nini. Kwa ajili yao tumeona vema kusimulia habari za mlezi huyu, ambaye aliishi na swali hilo kwa muda wa miaka hamsini.

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1867 katika kijiji cha Millisle, kaskazini mwa Ireland, akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto saba. Baba yake, David Carmichael, alikuwa na kinu cha kusaga unga. Walikuwa Wapresbiteri, watu wa sala na wenye uwezo wa kutosha. Habari moja ya utoto wake hupendwa sana na walimu wa shule ya Jumapili: kwamba alimwomba Mungu ambadilishie macho yake ya kahawia yawe ya buluu kama ya mama yake, na kulipokucha akakimbilia kioo, akakuta macho ni yale yale. Baadaye, katika nchi ambayo watu wote wana macho meusi au ya kahawia, alielewa kwa nini alikataliwa.

Biashara ya baba yake ilizorota, na mwaka 1885 baba akafa. Amy alikuwa na miaka kumi na saba. Mjini Belfast alianza kuwakusanya wasichana maskini wa viwandani, waliodharauliwa kwa sababu walijifunika shali badala ya kofia, na mwisho akawajengea ukumbi wa mabati. Hayo tunayapita haraka, kwa kuwa kuna jambo jingine la miaka ile ambalo wengi humsimulia Amy bila kulitaja.

Jambo lenyewe ni hili, kwamba Amy naye alilelewa na asiyemzaa. Alikuwapo mzee mmoja, Robert Wilson, mmoja wa walioanzisha mikutano ya Keswick mwaka 1875, mikutano ile ambayo ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri. Mzee Wilson alikuwa amefiwa na mke wake na binti yake. Nyumba yake kubwa kule kaskazini mwa Uingereza ilikuwa kimya. Akamwomba Bibi Carmichael mkubwa amruhusu Amy aje kukaa naye kama binti, na mwaka 1890 Amy akahamia huko. Mama aliyemzaa hakunyang'anywa kitu, na mzee alipata mtu wa kumwita mwanangu. Kwa miaka mingi Amy alitumia majina yote mawili, Wilson-Carmichael, na ndivyo vitabu vyake vya kwanza vilivyochapishwa. Mtu akituambia kwamba Amy alijifunza ulezi kwa Wahindi, sisi tutasema hapana. Alianza kujifunza mezani kwa yule mzee mpweke.

Ndiyo maana ilikuwa vigumu sana kwake, mwaka 1892, kumweleza mzee kwamba amesikia wito wa kwenda mbali. Kuondoka kwake kulimwumiza mzee, naye Amy alijua. Mwaka 1893 alikwenda Japani, akaugua, akapita Ceylon, akarudi. Mwishoni mwa mwaka 1895 akafika Bangalore, kusini mwa India, chini ya chama cha Kianglikana kilichopeleka wanawake kuwahubiria wanawake wa India waliokaa ndani. Tangu siku ile hakurudi tena Ulaya, hata kwa likizo.

Alijifunza Kitamil kwa Padre Thomas Walker, mmisionari wa CMS katika jimbo la Tirunelveli, ambalo Waingereza waliliita Tinnevelly. Kwa miaka michache kazi yake ilikuwa ya kutembea. Yeye na kikundi cha wanawake wa Kitamil waliomwamini Kristo walipanda gari la ng'ombe, wakazunguka kijiji hadi kijiji wakihubiri. Miongoni mwao alikuwako Ponnammal, mjane kijana, ambaye jina lake tunaomba wasomaji walishike. Amy alivaa sari kama wao. Aliipenda sana kazi hiyo, na kwa hesabu za misheni ilikuwa ndiyo kazi hasa ya mmisionari.

Halafu, mwezi Machi mwaka 1901, mtoto wa miaka saba akaletwa barazani kwake.

Aliitwa Preena. Baba yake alikuwa amekufa, na mama yake alikuwa amemtoa kwa wanawake wa hekalu. Yapasa tueleze kidogo, maana bila hayo habari hii haieleweki. Katika mahekalu kadhaa ya India ya kusini palikuwa na desturi ya kuwaweka wakfu wasichana kwa mungu wa hekalu, kama vile kuwaoza. Zamani hao walikuwa wacheza ngoma na waimbaji wa heshima. Lakini kufikia wakati ule wengi wao waliishia kutumiwa na wanaume. Mtoto huyu alikwisha toroka mara moja, akatembea maili nyingi mpaka kwa mama yake. Wanawake wa hekalu wakamfuata. Mama, akiogopa ghadhabu ya miungu, akaibandua mikono ya mwanawe iliyomshika shingoni, akamrudisha. Mtoto alichomwa mikono kwa chuma cha moto ili asitoroke tena.

Akatoroka tena. Jioni moja mwanamke Mkristo alimkuta njiani, akamlaza kwake, na asubuhi akampeleka kwa Bibi Amy, ambaye alikuwa amerejea kijiji kile siku hizo hizo baada ya kukaa kwingine mwaka mzima. Mtoto alimwendea moja kwa moja, akapanda mapajani, akamwita Amma, yaani mama. Wanawake wa hekalu walipokuja kumdai, alisema haondoki, na hakuondoka. Kwa maneno ya kitoto akawaeleza wenyeji wake mambo ambayo wamisionari walikuwa wakiyasikia kwa fununu tu.

Tangu hapo Amy alianza kuwatafuta wengine, na haikuwa rahisi. Mwaka 1904 watoto walikuwa kumi na saba, na wengi wao hawakutoka mahekaluni, bali walikuwa watoto wenye shida za kila namna. Wakaweka makao Dohnavur, kijiji kikavu chenye milima kwa mbali, kilichopewa jina la bwana mkubwa wa Prussia aliyechangia misheni ya hapo zamani za mwanzo wa karne ya kumi na tisa.

Ndipo likaja swali. Watoto hawawezi kuzungushwa vijijini katika gari la ng'ombe, juani na mvuani. Ama Amy aendelee kuhubiri na watoto waachiwe mtu mwingine, ama yeye abaki nao. Watamil husema kwamba watoto humfunga mama miguu, na yeye alikuwa mtu wa safari. Palikuwa na watu wa misheni walioona kwamba mwanamke mwenye kipawa cha kuhubiri anapotea kwenye nepi na uji. Pengine yeye mwenyewe aliona hivyo siku fulani. Alilolishika ni habari ya Bwana kuvua vazi, kujifunga taulo na kutawadha miguu ya wanafunzi wake, kazi ambayo hakuichagua kwa kuwa ilikuwa kubwa. Akaacha safari, akabaki.

Tuliposoma habari hizi tulijiuliza malipo yalianza lini. Hakika hayakuanza mwanzoni. Mwaka 1904 mchungaji mmoja wa Kihindi aliwaletea mtoto mchanga wa siku chache tu, wakaja na wengine wachanga. Maziwa yalikuwa shida, kwa maana si rahisi kupata mwanamke wa kunyonyesha mtoto wa mwingine, na daktari alikuwa mbali. Baadhi ya wachanga hao wa kwanza walikufa. Ponnammal akawachukua waliobaki kwa safari ndefu ya gari la ng'ombe mpaka Neyyoor, palipokuwa na hospitali ya misheni, akakaa nao huko kama mama yao kwa muda wa miaka miwili hivi. Mjane aliyehesabiwa si kitu nyumbani kwa wakwe zake akawa ndiye nguzo ya nyumba nzima. Kila tunapoona jina la Amy limeandikwa peke yake kwenye kitabu tunasononeka kidogo kwa ajili ya Ponnammal, aliyefariki kwa saratani mwaka 1915. Walezi wengi wa namna yake hawamo katika kalenda yoyote.

Katika miaka hiyo mama mzazi wa Amy alikuja kumtembelea, akakaa zaidi ya mwaka. Watoto wakamfanya nyanya yao. Hatujui kama kuna ziara iliyomtia nguvu Amy kuliko hiyo.

Dohnavur haikuendeshwa kama bweni la yatima. Watoto waligawanywa katika nyumba ndogo, kila nyumba ikiwa na mlezi wake wa Kitamil, ambaye waliita dada mkubwa. Hawakutolewa kwenda kwa watu wengine. Aliyefika alikuwa amefika nyumbani, hata akikua. Kwa kuwa wengi siku yao ya kuzaliwa haikujulikana, kila mtoto alifanyiwa sikukuu siku aliyofika. Pakawa na maua, na zawadi ndogo, na kuombewa. Jambo hili dogo limetugusa kuliko mengi makubwa. Mtoto wa kulea mara nyingi hukua akijua siku aliyopotewa na wake. Kule Dohnavur alikua akijua siku aliyopatikana.

Lakini ulezi una jambo gumu ambalo hatuwezi kulifunika. Mtoto wa kulea ana wenyewe. Mwaka 1909 au karibu na hapo aliletwa msichana aitwaye Muttammal, mwenye urithi wa ardhi kwa baba yake, na kwa hiyo jamaa walimgombania. Mama yake, ambaye ndiye aliyemwacha Dohnavur, akamtaka tena. Amy aliamini kwamba msichana akirudi ataharibiwa. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 1911 hakimu akaamua arudishwe kwa mama yake, na gharama zote zilipwe na Amy. Kabla ya siku ya kumkabidhi, msichana akatoweka. Baada ya muda mrefu ilijulikana kwamba rafiki wa Dohnavur alikuwa amemtorosha katika mavazi ya mvulana, akafikishwa China kwa wamisionari. Miaka kadhaa baadaye aliolewa huko Ceylon na kijana wa Dohnavur, Arul Dasan.

Wako wanaolisimulia jambo hili kama ushindi mtupu. Sisi hatuthubutu. Mama aliyeshinda kesi hakumpata mwanawe, na sheria ya nchi haikutiiwa. Wakati huo huo tukiiangalia mikono ya Preena iliyochomwa baada ya kurudishwa kwa mama yake, hatujui sisi wenyewe tungefanya nini. Tunaamini Amy naye hakulala usingizi mwingi.

Tuseme pia kwamba hakuwa mlezi mpole tu. Alikuwa mkali katika ukweli na katika kazi, na alitaka watenda kazi wake wawe kama yeye, jambo ambalo si kila mtu aliliweza. Wengine waliondoka. Miongoni mwa watoto pia walikuwapo waliomhuzunisha, wakaenda njia zao. Hakuacha kuwaombea kwa majina. Uhusiano wake na chama kilichompeleka ulilegea, ukavunjika mwaka 1925, na kazi ikasajiliwa kwa jina lake yenyewe, Ushirika wa Dohnavur.

Basi malipo yako wapi? Tumtazame Arulai. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja hivi aliposikia mahubiri ya Amy penye kisima cha kijiji chake, kabla hata Preena hajafika. Jamaa zake walimzuia, akaugua, mwishowe akaruhusiwa kuja. Alikua mikononi mwa Amy, akasoma, akawa msomaji mkubwa wa Biblia, akawafundisha wadogo. Kufikia miaka ya thelathini yeye ndiye Amy aliyemtegemea katika uongozi, na wengi walitarajia ndiye atakayemrithi. Mlezi aliyekuwa akimpa mtoto uji sasa anaomba shauri kwake! Arulai alifariki mwaka 1939, kabla ya Amma wake, na hilo lilikuwa pigo la mwisho kubwa katika maisha ya Amy. Hata hivyo, tukipima kwa haki, miaka arobaini ya kuwa na binti wa namna hiyo ni mshahara ambao hakuna halmashauri ingeweza kuulipa.

Arulai hakuwa peke yake. Wale wachanga wa mwanzo waliopona walifikia umri wa kubeba wachanga wengine. Wengine wakawa wauguzi, wengine walimu, wengine dada wakubwa wa nyumba ndogo. Mwaka 1918 gari la ng'ombe lilileta mtoto ambaye wote walidhani ni msichana, na alipofunuliwa akawa mvulana. Hawakumrudisha. Nyumba za wavulana zikaanza hivyo, na kufikia mwaka 1926 wavulana walikuwa makumi. Ikajengwa nyumba ya sala, halafu hospitali, ambayo watu wa vijiji vya jirani walitibiwa na vijana waliolelewa pale pale. Wanakijiji waliokuwa wakijiuliza mzungu huyu anakusanya watoto kwa nia gani, sasa walishikwa mkono na watoto wale wale walipougua.

Mwezi Oktoba mwaka 1931 Amy alikwenda kutazama nyumba waliyoipangisha katika mji wa jirani. Giza lilikuwa limeingia. Akaanguka katika shimo lililochimbwa mahali pasipotazamiwa, akavunjika mguu. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Hakupona vema tena, na kwa karibu miaka ishirini iliyobaki hakutoka chumbani mwake ila kwa nadra.

Hapa ndipo tunapoona kilichokuwa kimepandwa. Mtu asiye na mume wala mtoto wa tumbo lake, akiwa mgonjwa katika nchi ya kigeni, kwa kawaida huwa mzigo wa watu wa hospitali. Yeye hakukosa mtu wa kumgeuza kitandani. Walimwosha wale aliowaosha. Walimkesha wale aliowakesha. Jioni alisikia watoto wakiimba nje, nao huingia kwa zamu kumsalimu, mdogo akionyesha jino lililong'oka, mkubwa akileta shida ambayo asingemwambia mtu mwingine. Yeye naye aliwaandikia vikaratasi, hasa katika siku zao za kufika. Vitabu vyake vingi, ambavyo vyote pamoja ni zaidi ya thelathini, aliviandika akiwa amelala pale, na maumivu yake hayakuwa madogo.

Kitandani humo alizisikia habari za mwaka 1947, wakati bunge la Madras lilipopitisha sheria ya kukataza wasichana kuwekwa wakfu kwa mahekalu. Sheria hiyo haikuletwa na wamisionari. Ilipiganiwa miaka mingi na Wahindi wenyewe, na hasa na mwanamke daktari, Muthulakshmi Reddy. Ni haki kulisema hilo. Kuna watu wanaofunga mlango kwa sheria, na kuna wanaowapokea watoto waliokwisha kupita mlango ule.

Mwaka 1948 alianguka tena chumbani, na tangu hapo hakuweza hata kujigeuza bila msaada. Alifariki asubuhi ya tarehe 18 Januari 1951, akiwa na miaka themanini na mitatu. Alikuwa amekataza kuwekewa jiwe la kaburi. Watoto wake walitii, lakini si kwa ukamilifu. Chini ya miti pale alipozikwa walisimamisha bakuli la jiwe la ndege kunywea maji, na juu yake wakachora neno moja tu la Kitamil, Ammai, ambalo ni mama, kwa heshima.